Mashua ya Mvuvi Nayo Ni Mali: Bunge Litunge Sheria

Ndugu wapenda mageuzi wa Migori na Homa Bay, liko swali moja ambalo wakuu wetu hawapendi kuulizwa. Serikali ya nchi nyingine ikimnyang'anya Mkenya mali yake ziwani, sheria ya Kenya imemwekea nini? Jibu ni fupi na la aibu: hakuna sheria iliyotungwa kwa ajili yake.

Matajiri walijibiwa zamani. Mwaka 1964, Uhuru ungali mchanga, Bunge lilitunga Sheria ya Kulinda Vitega Uchumi vya Kigeni, Sura ya 518. Kifungu cha 8 kinamhakikishia mgeni kwamba biashara yake iliyoidhinishwa haitatwaliwa ila kwa kufuata masharti ya Katiba. Hatumwonei mgeni kijicho. Mali ya mtu ni mali ya mtu. Tunauliza tu: ikiwa mgeni alipata ngao mapema hivyo, mvuvi wa Muhuru Bay ataipata lini?

Tazama wafanyavyo wengine. Cuba ilitaifisha gati za Havana mwaka 1960. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya Helms-Burton, inayompa aliyenyang'anywa haki ya kuwashtaki wanaofanya biashara kwa mali hiyo, na mwaka 2019, haki hiyo ilipoacha kuahirishwa, kampuni iliyopoteza gati ilizifikisha kampuni za meli za watalii mahakamani. Askari wa Mexico walipoingia kwa nguvu katika gati la kampuni ya Vulcan huko Punta Venado, Machi 2023, maseneta walileta mswada wa kuzifungia bandari za Marekani meli zinazotumia gati lililonyakuliwa. Hatuisifu kila sheria ya mwenye nguvu. Lakini hapo twaona jambo moja: dola inayojali mali ya raia wake huandika sheria, haitoi hotuba pekee.

Bandari ya mvuvi si gati la zege. Ni ufuo wa Muhuru, wa Sori, wa Mbita, wa Remba na wa Ringiti. Mali yake ni mashua ya mbao, injini, nyavu na taa za omena. Injini moja huenda ilinunuliwa kwa mkopo wa chama, na ikitwaliwa, deni halitwaliwi pamoja nayo. Mama mchuuzi hukosa samaki, mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na sadaka ya Jumapili hupungua.

Tangu mwaka 2004, polisi wa Uganda walipopiga hema Migingo, wavuvi wetu wamelia kilio kile kile: kutozwa kodi, kukamatwa, kunyang'anywa samaki na injini. Amri ya Kifalme ya 1926 iliuchora mpaka kwa kuvitaja visiwa kimoja baada ya kingine, na Kenya imeishikilia amri hiyo siku zote. Upimaji wa pamoja ulianza mwaka 2009 ukakwama. Mwezi Mei mwaka huo Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa kiko Kenya, ila akadai kuwa maji ni ya Uganda. Ajabu! Samaki havuliwi juu ya jiwe.

Basi mvuvi aende wapi? Akienda Mahakama Kuu ya Migori kuishtaki Uganda, atakuta mlango wa kinga ya dola. Mahakama ya Rufani iliukubali msingi huo mwaka 1983, katika kesi iliyoihusu Wizara ya Ulinzi ya Uingereza: vitendo vya kidola vya nchi ya kigeni havihukumiwi hapa. Akishika Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010, ataambiwa kwamba si Kenya iliyomnyang'anya. Imebaki Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mkazi yeyote kufika huko, lakini ndani ya miezi miwili tu. Mtu aliyepoteza mashua atapata wapi nauli, wakili na ushahidi kwa miezi miwili?

Twadai Bunge litunge sheria yenye mambo manne. Kwanza, kila mali inayotwaliwa na dola ya kigeni iandikwe katika daftari rasmi ufuoni, na mwenyewe apewe nakala. Pili, Waziri wa Mambo ya Nje alazimike kudai mali hiyo kwa maandishi na kulieleza Bunge, kila baada ya miezi mitatu, alichodai na alichojibiwa. Tatu, Serikali imlipe mvuvi fidia kwanza, kisha yenyewe iidai nchi iliyotwaa. Aliye dhaifu asisubiri wakubwa wamalize karamu zao. Nne, msaada wa kisheria utolewe mara moja, kesi ifike Arusha kabla ya miezi miwili kwisha.

Watasema wavuvi wetu huvuka mpaka na kutumia nyavu haramu. Anayevunja sheria ashtakiwe, asikilizwe, ahukumiwe. Injini iliyochukuliwa bila hati ya mashtaka wala risiti si adhabu. Ni unyang'anyi uliovaa sare. Na sheria tuidaiyo isiwe fimbo ya kumpiga mvuvi wa Uganda, ambaye naye ni mlalahoi kama sisi. Mwaka 2009 vijana waling'oa reli Kibera kwa hasira ya Migingo. Reli iling'oka, hakuna injini iliyorudi. Hasira bila sheria humnufaisha mwanasiasa anayetafuta kura.

Waumini wanamjua Nabothi. Ahabu alilitamani shamba lake, naye Nabothi akauawa kwa hila iliyopambwa kwa mihuri ya mfalme. Wazee wa mji walizipokea barua wakatii. Dhambi haikuwa ya Ahabu na Yezebeli pekee. Ilikuwa pia ya wale walioona wakanyamaza.

Sisi tusinyamaze. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria. Hahitaji kibali cha chifu wala baraka za chama tawala. Baada ya ibada, parokia kwa parokia, kuanzia Muhuru hadi Mfangano, tukusanye sahihi. Kila aliyepoteza mali aandike tarehe, mahali, na kilichotwaliwa. Kisha kila mbunge wa kaunti hizi mbili aulizwe hadharani: utaukubali mswada huu au utaukataa? Akijibu kwa mafumbo, tumhesabu miongoni mwa wanaokataa.

Vyama vingi tulivipigania ili mnyonge awe na wa kumsemea. Mbunge asiyemsemea mvuvi aliyenyang'anywa hana analotuwakilishia.