Raba Moja

Kuna chalenji inazunguka TikTok: usinunue usichohitaji. Mwaka 2024 waliipa jina underconsumption core, 2025 ikawa No Buy. Dada anatuonyesha raba zake za mwaka juzi, kisha anakata chupa ya losheni na kukwangua tone la mwisho. Watu wanamwagia pongezi.

Mimi hiyo chupa nimeikata tangu darasa la tatu. Sijawahi kupigiwa makofi.

Nilipoingia kampasi nilikuwa na raba moja. Naifua Jumamosi jioni, Jumatatu naivaa ikiwa bado na unyevu. Hosteli nzima waliniita Raba Moja. Basi nikafanya walichofanya wengi: nikakopa kwa simu. Raba mpya, jaketi, baadaye simu ya kulipia kidogo kidogo kila siku. Halafu mkopo wa kulipa mkopo. Mwaka wa pili, karo aliyotuma mama ikaingia kwenye hilo shimo. Sikurudi darasani. Mama alijua baada ya miezi mitano.

Kwa hivyo sipingi kutonunua. Ningeambiwa mapema, pengine leo ningekuwa na digrii. Ninachopinga ni kuifanya sifa ya walioshiba. Mwenye kabati lililojaa akisema mwezi huu hanunui, anaitwa mwenye busara. Msee wa bedsitter asiponunua, anaitwa mshamba. Wote wawili wamevaa shati la jana.

Na tusidanganyane kuhusu nani anayenunua kupita kiasi. Nenda Gikomba asubuhi, simama karibu robota linapofunguliwa. Utakuta blauzi kutoka ng'ambo ikiwa bado na lebo ya bei. Mtu aliinunua, hakuivaa hata siku moja, akaitoa. Ikavuka bahari, na sasa mama mboga anaishindania kwa mia moja. Huyo wa kwanza ndiye chalenji inamfaa. Mama mboga aifanye ya nini?

Wewe unayesoma hii ukiwa na raba tano chini ya kitanda, fanya chalenji yako, ni sawa. Lakini kuna nyingine rahisi zaidi: mtu akija na shati lile lile siku ya tatu, nyamaza. Usimtungie jina. Mimi lile jina lilinigharimu digrii, na deni bado nalipa.