Jambazi Aliyependwa na Watu

Sisi tuliokulia katika senema za Mombasa twaijua kanuni moja tangu utoto: stelingi hafi. Hata akipigwa risasi kumi, zote zitamkosa. Ndiyo maana filamu ya Public Enemies, aliyoitengeneza Michael Mann mwaka 2009, humwacha mtazamaji ameduwaa. Stelingi wake, John Dillinger, anayechezwa na Johnny Depp, ni mwizi wa mabenki. Naye afa kando ya njia, akitoka senema kutazama picha ya majambazi wenzake.

Wala mwisho huo haukubuniwa. Usiku wa tarehe 22 Julai, 1934, Dillinger wa kweli aliingia senema ya Biograph mjini Chicago kuangalia Manhattan Melodrama, ambamo Clark Gable ni jambazi anayehukumiwa kiti cha umeme. Alipotoka, makachero wa serikali walikuwa wakimngoja. Yasemekana watu walichovya leso zao katika damu yake ziwe ukumbusho. Hapo ndugu msomaji ndipo penye suali: watu wanaokula kwa jasho lao wampendeje mtu aliyekula kwa bunduki?

Jawabu limo katika hali ya Marekani ya siku zile. Baina ya mwaka 1930 na 1933, benki kiasi cha 9,000 zilifilisika. Mkulima aliyeweka akiba ya miaka mingi alifika mlangoni akakuta kufuli. Sheria ya bima ya kulinda akiba za watu ilitiwa saini Juni 1933, na kwa wengi maji yalikwisha mwagika. Mwaka huo, katika kila wafanyakazi wanne, mmoja hakuwa na kazi. Mtu aliyepotezewa mali yake pasi na bastola, akisikia kuwa benki nayo imevamiwa kwa bastola, moyo wake humwambia: wametendwa walivyotutenda.

Filamu yaijua siri hiyo. Katika wizi mmoja, mteja ana vijisenti vyake juu ya meza. Dillinger amwambia avirudishe mfukoni, kwani yeye amefuata pesa za benki, si zake. Huo ni ujanja mkubwa. Kwa neno moja tu mwizi ajigeuza kadhi, nasi tuliokaa gizani twamshangilia.

Lakini tusighilibike. Pesa za benki ni za nani, kama si za walioziweka? Na damu je? Januari 1934, katika wizi wa benki huko East Chicago, Indiana, aliuawa askari William Patrick O'Malley, na Dillinger ndiye aliyeshitakiwa kwa mauaji hayo. Filamu haitupeleki nyumbani kwa marehemu. Billie Frechette, mpenzi wa jambazi, twamjua mpaka machozi yake. Waliomlilia askari hatuwajui. Hapo ndipo senema nayo inapoiba: haituibii pesa, yatuibia huruma yetu.

Hata tarehe zimepinduliwa. Pretty Boy Floyd na Baby Face Nelson wafa katika filamu kabla ya Dillinger, hali wote wawili waliuawa baada yake, mwaka ule ule wa 1934.

Kwa insafu, lakini, Mann hakuifanya serikali kuwa malaika. Twamwona kachero akimpiga Frechette ili amtaje mpenziwe. Twaona pia shambulio la Little Bohemia, Wisconsin, la Aprili 1934, ambapo makachero waliimiminia risasi motokaa ya raia wasio na hatia. Na Anna Sage, mwanamke aliyemsaliti Dillinger kwa kutaraji asifukuzwe Marekani, alirudishwa kwao Romania mwaka 1936. Jambazi hunenepa pale haki inapokonda.

Yapo mandhari moja sitayasahau. Dillinger ameketi senema, mara picha yake yatokea kwenye kitambaa, taa zawashwa, na watazamaji waambiwa wageuke kulia na kushoto wamtafute. Wageuka wote. Hakuna amtambuaye. Wamezoea kudhani kwamba mwizi ana sura yake maalumu, kumbe aweza kuwa jirani aliyevaa suti safi na kofia.

Wahenga walisema siku za mwizi arubaini. Dillinger alitoka jela Mei 1933, akahesabu miezi 14 tu, zikamfika. Yeye alikwisha, lakini kilichowafanya watu wampende hakikuzikwa naye. Popote mnyonge anapodhulumiwa akiba yake na asipate pa kushitaki, atatokea mwenye bastola wa kushangiliwa. Basi itazameni filamu hii, ni nzuri. Mkimaliza kumpenda Dillinger, mkumbukeni na O'Malley.