Nguvu za Mpinzani katika Michezo ya Historia

Miongoni mwa zana mpya zinazoingia katika ufundishaji wa historia ni michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huitawala nchi kwa karne kadhaa: hutoza kodi, huunda merikebu, hufanya mapatano na kupigana vita. Mmojawapo ni Europa Universalis IV, uliotolewa nchini Sweden mwaka 2013. Mchezo huo huanzia mwaka 1444, na mwanafunzi wa Unguja anaweza kuichagua Kilwa na kujaribu kuilinda pwani yake. Hilo lavutia. Lakini yatupasa walimu tuulize: mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, nguvu zake zatoka wapi?

Mara nyingi ni nguvu za kupewa. Kiwango cha ugumu kipandishwapo, mpinzani hazidi akili, huzidishiwa mali. Katika Civilization VI, kwa mfano, kiwango cha juu kabisa humpa mpinzani walowezi na askari wa ziada tangu mwanzo. Katika Europa Universalis IV yamo pia mataifa yaliyowekewa bahati: Uingereza na Ufaransa, zikiendeshwa na kompyuta, hupata manufaa ambayo Kilwa haipati. Sababu yaeleweka. Kuifundisha mashine kupima hila, hofu na subira ni kazi kubwa. Kuiongezea fedha ni kazi nyepesi.

Tulinganishe na bao letu. Pale barazani, fundi na mwanagenzi huanza na kete 32 kila mmoja. Fundi hapewi hata kete moja ya ziada. Ugumu wake u katika fikra, na anayeshindwa huweza kuuliza ni wapi alipokosea. Anayeshindwa na mpinzani aliyepewa mali ya bure hana swali la kuuliza.

Wako watakaosema kwamba hata katika historia wapinzani hawakuwa sawa. Ni kweli. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash, ufukweni mwa Mji Mkongwe. Vita havikufika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Lakini nguvu zile hazikuwa bahati. Zilitoka katika viwanda vilivyounda manowari na mizinga, na katika mapatano ya mwaka 1890 ambayo kwayo Wajerumani waliwaachia Waingereza Zanzibar. Tena nguvu zenye asili huwa na kikomo. Wareno walikuwa na kuta na mizinga katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Hata hivyo, baada ya kuzingirwa na Waomani tangu Machi 1696, na kudhoofishwa na njaa na maradhi, waliipoteza Desemba 1698.

Hapa ndipo penye hatari. Kijana akizoea kuona kwamba mataifa fulani hushinda kwa kuwa yameandikiwa kushinda, ataamini vivyo hivyo juu ya mababu zake: kwamba walitawaliwa kwa kuwa walikuwa wa kutawaliwa.

Nionavyo, michezo hii isipigwe marufuku, bali iongozwe. Kwanza, wanafunzi waanze katika kiwango cha kawaida, na bahati ya mataifa izimwe, kwani mchezo waruhusu. Pili, kompyuta moja yatosha kwa kundi zima: wajadiliane kabla ya kila uamuzi, na mmoja aandike sababu. Tatu, kiwango kipandishwe, nao watafute mpinzani ameongezewa nini. Mwisho, wapelekwe Forodhani, waitazame bandari, na waulize swali lile lile juu ya manowari za mwaka 1896.

Mwanachuo atakayeweza kuliongoza somo hilo atakuwa amefundisha historia. Atakayewaacha wanafunzi washinde au washindwe tu, amewapa mchezo.