Kusi Huvuma Pamba Ikishauzwa

MIZANI YA NGULYATI
Na Maduhu Masunga

Juzi mpwa wangu alinikuta kwenye ghala la chama cha msingi, nimekalia robota langu nikisubiri zamu ya mzani. "Shikamoo, mjomba." Kabla sijamaliza kuitikia alishatoa simu. Kijana huyu anasoma chuo Mwanza, na akija Ngulyati huwa ana habari mpya. Mara hii ilikuwa picha ya pwani nyeupe yenye vilima vya mchanga, na juu yake anga limejaa vishada vya kila rangi. Chini ya kila kishada kulikuwa na mtu aliyesimama kwenye ubao, akivutwa juu ya maji kwa kasi ya pikipiki.

"Jericoacoara," akasema polepole, kama mtu aliyelifanyia jina mazoezi. "Iko Brazil, mjomba. Nataka kwenda kujifunza mchezo huu. Nina ng'ombe watatu wa kuuza, na nimeshaanza kupanga."

Wazee wawili waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kijana wa Ngulyati anayepanga safari ya mbali kwa fedha ya ng'ombe wake ana haki ya kusikilizwa. Nikamwambia tuihesabu pamoja, maana foleni ilikuwa ndefu na muda tulikuwa nao.

Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Brazil. Utapita Addis Ababa, uvuke Atlantiki hadi São Paulo, upande ndege nyingine saa tatu na zaidi hadi Fortaleza, mji mkuu wa jimbo la Ceará, kisha barabara ya kilomita kama 300 ambayo mwishoni inageuka mchanga mtupu. Kabla ya hapo uende Dar es Salaam ubalozini kuomba viza, na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kufikia hapo ng'ombe wote watatu wameshaishia angani, na bado hujalala, hujala, wala hujalipa mwalimu wa kukufundisha.

"Kwa hiyo niache?" akaniuliza.

Hapana. Nilimwambia kwanza aniambie anachofuata Brazil ni nini: ni Brazil, au ni upepo? Kama ni upepo, upo wa karibu.

Sisi tunasema kishada, Wazanzibari wanasema tiara. Ukisimama ufukweni Paje, kusini mashariki ya Unguja, utayaona matiara yaleyale ya kwenye simu ya mpwa wangu, na ubao uleule, na vijana wa Kizanzibari wakiwafundisha wageni kutoka Ulaya. Mchezo wenyewe si wa kale. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza ya tiara la kujazwa upepo, lisilozama likianguka majini, mwaka 1984. Mwaka 2024 mchezo uliingia kwenye Olimpiki ya Paris, na mashindano yakafanyika kwenye bahari ya Marseille. Paje ikawa kituo chake kwetu kwa sababu ya maumbile yake. Mbele ya kijiji kuna mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji mapana ya kina kifupi yenye mchanga chini. Upepo nao huja ukielekea pwani kwa mshazari, kwa hiyo mwanafunzi akishindwa anarudishwa ufukweni, hasukumwi kwenda Bara Hindi.

Sasa nifike kwenye kalenda, kwa sababu hapo ndipo wapangaji wengi wa safari wanapoharibu. Mtu wa ofisini hupanga safari kwa kufuata likizo: Desemba shule zimefungwa, basi twende. Mkulima hawezi kupanga hivyo, na upepo pia haupangwi hivyo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba. Hizi ndizo pepo zilizoleta majahazi kutoka Oman na kuyarudisha kwao, miaka mingi kabla ya mtu kufikiria kuutumia upepo kwa kuchezea. Katikati yake kuna mvua za masika na vuli, na upepo hulegea.

Ukiziweka pepo hizo kando ya kalenda ya pamba, utaona jambo. Kaskazi ikivuma, sisi tumeshapanda na tuko kwenye palizi, tukipambana na funza wa vitumba. Mkulima akiondoka wakati huo, akirudi atakuta magugu yamemzidi kimo. Lakini kusi ikianza Juni, pamba imeshavunwa, msimu wa kununua umefunguliwa, fedha iko mkononi na ardhi imekauka. Hakuna kundi la watu nchini ambalo kalenda yake inalingana na kusi kama wakulima wa pamba wa Simiyu. Wazungu wanaomba ruhusa kwa mabosi wao ili waiwahi kusi, na sisi inatukuta tumekaa chini ya mwembe tukihesabu fedha, halafu fedha inaisha bila kujua ilikokwenda.

Mimi nilifika Paje Agosti ya mwaka mmoja, baada ya harusi ya ndugu upande wa mjini. Nilifika asubuhi nikitarajia bahari, nikakuta bahari haipo. Ilikuwa siku ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Mahali ambapo jioni yake yangepita matiara, palikuwa na shamba: vijiti vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimetandazwa kati yake, na kwenye kamba zimefungwa konzi za mwani. Wanawake walikuwa wameinama, maji yakiwafika magotini, wakifunga na kuvuna. Mgongo ule niliujua. Ni mgongo wa mchuma pamba.

Nikamkaribia mama mmoja wa makamo, nikamtolea salamu. Akaitikia bila kuinuka, kisha akaniuliza kwetu wapi na tunalima nini. Nikamwambia pamba.

"Bei anapanga nani?"

"Mnunuzi."

Akacheka, akakaza fundo. "Basi sote wamoja."

Aliniambia mwani uko wa aina mbili. Mmoja unaitwa spinosum, ndio aliokuwa akiufunga. Mwingine, wenye bei nzuri zaidi, unaitwa cottonii. Nilipolisikia jina hilo nilidhani ananitania kwa pamba yangu, kumbe ndilo jina lake hasa. Huo cottonii, akasema, siku hizi hufa, maji yamekuwa ya moto. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Ukifungwa kambani, huvunwa baada ya wiki kama sita, hukaushwa juani, halafu hupelekwa ng'ambo ambako ute wake hutumika kushikamanisha vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Yule mama anapanda asichokula, kama mimi ninavyolima nisichokisokota.

Jioni maji yakarudi, shamba likafunikwa, matiara yakapaa. Palepale. Asubuhi pale ni mahali pa kazi, jioni pale ni mahali pa mchezo, na mlango kati ya hayo mawili unafunguliwa na mwezi. Panapokosekana adabu, kamba za tiara hunasa kwenye vijiti vya mwani, mgeni hukanyaga konzi za watu, na manung'uniko huzaliwa. Nikasogea kwa kijana mmoja mwalimu aliyekuwa anakunja tiara lake, nikakishika kitambaa. Kilikuwa chepesi, kikitoa mlio kama karatasi mpya. Nikauliza kama kuna pamba humo.

"Poliesta tupu, mzee."

Nilimrudishia kitambaa chake. Ndiye yule hasimu wetu sokoni, aliyejaa kwenye mashati ya mnadani, na sasa namwona anapaa angani kwa raha zake.

Nilimsimulia mpwa wangu yote haya, naye akauliza swali zuri: "Na kule Brazil, mjomba, walikuwa wanalima nini kabla ya wageni?" Nikamwambia jambo ambalo halimo kwenye picha zake. Wa Jericoacoara walikuwa wavuvi, lakini ndani ya jimbo hilohilo la Ceará watu walilima pamba. Marekani ilipopigana vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1860 na pamba yake kukosekana viwandani Uingereza, Ceará ilineemeka. Zaidi ya karne moja baadaye bado ilikuwa miongoni mwa majimbo makubwa ya pamba. Mwaka 1983 mdudu anayeitwa bicudo, kifukusi anayetaga ndani ya tumba la pamba, akagunduliwa Brazil. Ukichanganya mdudu huyo na ukame, katika miaka michache pamba ya wakulima wadogo wa kaskazini mashariki iliporomoka. Brazil yenyewe haikuacha pamba. Ilihamia kwenye mashamba makubwa ya Mato Grosso na Bahia, na katika msimu wa 2023/24 nchi hiyo iliipita Marekani kwa kuuza pamba nje. Lakini haikuwa tena pamba ya yule mkulima wa ekari mbili wa Ceará. Yeye alibaki na jua na upepo. Jua lile halikumsaidia sana, ila upepo ulipata wanunuzi: wenye matiara, na wenye mitambo ya umeme inayozunguka juu ya vilima vya mchanga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema utalii wa ndani ni kwenda kupiga picha na kula pweza. Mkulima wa Ngulyati akienda Paje ana kazi ya kuangalia. Aangalie kijiji kilichokuwa na zao moja kilivyopata la pili kutokana na kitu ambacho wavuvi walikuwa wakikilalamikia. Kisha aulize swali la mzani: katika fedha inayoingia na upepo, kilo ngapi zinabaki kwa mama wa mwani, na kilo ngapi zinapanda boti na mgeni? Sisi tunaotegemea zao moja tunalihitaji swali hilo kuliko mtu yeyote. Bicudo hajafika Afrika, lakini bei mbaya inatufika bila kuhitaji mabawa.

Kwa anayetaka kwenda, mpango wangu ni huu. Toka Bariadi kwa basi hadi Dodoma, kisha panda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, ambayo inafanya safari hiyo tangu Julai 2024, na mgongo wako utaishukuru. Boti ya kwenda Unguja huchukua saa kama mbili. Panda ya asubuhi, kwa sababu kusi huchafua bahari. Tusisahau kwamba MV Skagit ilizama Julai 18, 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, katika msimu huuhuu. Boti ikionekana imejaa kupita kiasi, subiri nyingine. Pasipoti huhitaji, beba kitambulisho cha taifa, na kila mahali uliza bei ya mwenyeji kabla hujatoa fedha. Mjini tafuta daladala ya 309 ya Jambiani, itakupitisha msitu wa Jozani wenye kima punju, na kukushusha Paje baada ya kilomita kama 50. Kijijini vaa nguo za heshima. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, na wenyeji ni Waislamu wenye haya zao.

Na kabla ya yote, jifunze kuogelea. Nasema hili kwa sababu wengi wetu tuliokulia bara tunajua maji ya lambo tu, nayo yana kichocho. Ukifika, usilipe somo siku ya kwanza. Muulize mwenyeji bamvua ni lini na maji mafu ni lini, halafu asubuhi moja ingia majini maji yakiwa yamepwa, uwaone wenye shamba kabla hujawa mchezaji juu ya shamba lao.

Zamu yangu ilifika tukiwa hapo. Robota likapanda kwenye mzani, mpwa wangu akaniandikia kilo nyuma ya karatasi aliyokuwa ameanza kuiandikia mpango wake. Upande mmoja kulikuwa na Addis Ababa, São Paulo na Fortaleza, zimepigwa mstari. Chini yake aliandika: Dodoma, Dar, Paje, mwezi mpevu wa Agosti, ng'ombe mmoja.

"Na wewe utakuja, mjomba?"

Nikatazama shamba ng'ambo ya barabara, miti ya pamba imesimama mikavu, haijang'olewa. Tukiiacha, wadudu watalala humo na msimu ujao watatuamkia wao.

"Nitakuja," nikamwambia. "Tung'oe kwanza, tuchome. Njoo kesho mapema na jembe."