Kamera Nne za Nini, Bosi?

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mchana wa Jumamosi, utembee taratibu kama mtu mwenye hela. Hujamaliza maduka matatu utashikwa mkono: "Bosi, karibu, mzigo mpya huu, una mambo yote." Kisha zinaanza hesabu. Kamera nne. RAM kumi na sita. GB mia mbili hamsini na sita. Betri elfu tano. 5G. Muuzaji hakuulizi unafanya kazi gani wala kwenu umeme unakatika mara ngapi, na wewe huoni ajabu kwamba hajauliza, maana mmeshakubaliana zamani: simu ni mambo. Yakiwa mengi ni simu ya maana, yakiwa machache ni ya mshamba. Imani hiyo imeenea kutoka Gerezani mpaka Jangwani, ikavuka bonde hadi Magomeni, na ninavyoona mimi ndiyo inayotuchuna kila mwaka.

Anza na boksi lenyewe. Imeandikwa RAM 16GB kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Ligeuze. Pembeni, kwa maandishi ya kusomwa na mwenye miwani, utakuta 8 jumlisha 8. Ile nane ya pili si RAM. Ni kipande kilichomegwa kwenye nafasi yako ya kuhifadhia picha na nyimbo, kikaazimwa kazi ya RAM, na mwendo wake hauikaribii RAM yenyewe. Umeuziwa kitu kimoja mara mbili: mara ya kwanza kama GB za kuhifadhia, mara ya pili kama RAM.

Kamera ndiyo usiseme. Ya kwanza huwa kamera kweli, megapikseli 50. Zilizobaki, kwenye simu nyingi za bei ya katikati, ni za megapikseli mbili mbili, na duara jingine ukilichungulia vizuri ni taa tu. Zipo kama madirisha yaliyochorwa ukutani. Hata hiyo 50 ina maneno yake: simu nyingi za aina hiyo, usipogusa kitu, huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli kumi na mbili na kidogo. Halafu picha unaipeleka wapi? WhatsApp. Na WhatsApp, usipobonyeza HD, inaibana picha yako mpaka upande wake mrefu unabaki nukta 1,600 hivi, yaani haifiki hata megapikseli mbili. Mteja wako wa Songea anayetaka kuona rangi ya kitenge anapokea hiyo. Ulilipia 50, ikasafiri mbili, na nyumbani watoto wanakula dagaa kwa sababu hela imeishia Kariakoo.

Tulishachezewa mchezo huu. Wenye umri wa kutosha wanazikumbuka simu za Mchina za mwishoni mwa miaka ya 2000: laini mbili au tatu, spika za kuamsha mtaa, tochi, redio, na antena ya kuvuta ili uangalie televisheni ukiwa kijiweni. Hakuna simu iliyokuwa na mambo kama zile, na wenye vi-Nokia vyao tuliwacheka. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, nchi ikaanza kuhamia dijitali, antena ikabaki ya kuchokonolea sikio. Simu ikabaki nzima, jambo lake kubwa likawa limekufa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazifungia simu bandia, na hapo watu wakafundishana kubonyeza *#06# kisha kutuma namba ya IMEI kwenda 15090. Ikabainika kwamba jambo la maana kuliko yote, kama simu ni halali au la, ndilo ambalo hakuna muuzaji aliyelitangaza.

Sasa tazama pesa za Kariakoo zinapita kwenye simu gani. Nenda kwa wakala yeyote mwenye mwamvuli na kimeza. Mbele yake utakuta vitochi vya batani vitatu vinne, vimefungwa mpira visipotee, kila kimoja na mtandao wake. Angalia vitufe: moja, tano na sifuri vimefutika maandishi, maana M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#, na wenzao nao huanza na *150*. Mamilioni ya shilingi kwa siku yanapita kwenye kitochi cha elfu thelathini na kitu. Si kwamba wakala hana simu janja. Anayo, iko mfukoni, anaangalia mpira. Kazini anataka kitu kisichoganda mteja akiwa amesimama, kisichohitaji bando, kinachokaa na chaji mpaka jioni, na kikianguka kwenye lami unakiokota, unarudisha mfuniko, mnaendelea. Miezi ya mgao, mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kutoa umeme Februari 2024, wenye kitochi walikaa siku mbili tatu bila kuuliza nani ana pawabenki. Wenye mambo mengi walizunguka na waya mkononi wakibembeleza soketi za watu.

Atatokea mtu aseme nataka turudi kwenye batani. Hapana. Dada anayeuza magauni Mtaa wa Kongo ana wateja Lubumbashi, Lusaka na Moroni ambao hajawahi kuwaona uso, na bila simu janja asingewapata. Anapiga picha mzigo ukifunguliwa, anatupia status, anapigiwa, anakubaliana bei, anapokea hela, anasafirisha mzigo. Hesabu anachotumia: kamera moja nzuri, WhatsApp, chaji ya kufika saa mbili usiku, na nafasi ya kutosha ili simu isimwambie "imejaa" katikati ya biashara. Simu ya kumfanyia hayo ipo, na si ile iliyowekwa mbele kabisa kwenye kabati la kioo. Kinachouzwa pale mbele ni mambo ambayo atayajaribu wiki ya kwanza akiwaonyesha mashoga zake, basi.

Na angekuwa anaumia mwenye hela peke yake ningekaa kimya. Siku hizi simu za mambo mengi zinakopeshwa. Kijana wa bodaboda analipa kianzio, anaondoka na simu, halafu rejesho la kila siku linamfuata kama kausha damu nyingine yoyote. Siku mvua ikinyesha, bonde la Msimbazi likafurika na barabara ya Jangwani ikafungwa, hana abiria. Akikosa rejesho simu inajifunga yenyewe. Kamera nne, RAM ya kuazimwa, 5G, vyote vinabaki nyuma ya ujumbe mmoja wa kumkumbusha deni. Na abiria wake wa kudumu walikuwa wanampigia kwenye simu hiyo hiyo! Mwenzake mwenye kitochi ananyeshewa vilevile, lakini kesho asubuhi simu yake inaita.

Wanasema "lakini teknolojia inakwenda mbele." Inakwenda, sikatai. Ila mtu anayebadilisha simu kila mwaka kwa sababu mpya ina duara moja zaidi mgongoni hajaenda nayo popote, amekwenda dukani.

Kuna kitu kimoja hutakisikia kwenye zile hesabu za muuzaji: kioo. Simu ya Dar itaanguka. Itaanguka kwenye mwendokasi ukiwa umebanwa mlangoni, au itachomoka mfukoni unaposhuka bajaji. Kioo cha simu inayouzwa sana mafundi wanacho, utachagua original au kopi, utangoja kidogo uondoke. Kioo cha simu yenye jina geni na mambo ishirini utaambiwa kinaagizwa, au utatajiwa bei inayokaribia nusu ya simu, na ukijikaza kukaa na ufa utakuwa unapangusa kwa kidole chenye plasta. Kwa hiyo muuzaji akishamaliza kuhesabu, mwambie unakuja. Vuka barabara, mtafute fundi aliyeinama na taa yake, mtajie jina la simu, muulize kioo chake kipo na ni shilingi ngapi. Akijikuna kichwa, mshukuru, shika njia ya kituo cha daladala.