Ufunguo Anao Nani?

Jumamosi moja saa 4 asubuhi niliwakuta watoto kama ishirini wameng'ang'ania seng'enge ya uwanja wa kata yetu, wanachungulia. Ndani hamna mtu. Nyasi zimefyekwa, magoli yamepakwa rangi mpya, na pembeni ya geti limesimama jiwe lenye jina la aliyezindua. Geti lina kufuli. Mlinzi amekaa chini ya mwarobaini na kikombe cha chai ya rangi.

"Shikamoo mzee. Ufunguo anao afisa."

"Marahaba. Afisa yuko wapi?"

"Ameitwa kwenye maandalizi ya Mwenge."

"Atarudi lini?"

"Mwenge ukishapita."

Watoto hawakungoja Mwenge upite. Walihamia barabarani, wakapanga mawe mawili huku na mawili kule, chandimu ikaanza katikati ya vumbi na honi za bodaboda.

Nchi nzima tumeshakubaliana kwamba vijana wanaharibika kwa sababu hawana viwanja. Diwani analisema hilo akiomba kura, mwalimu analisema kwenye kikao cha wazazi, na msikilizaji anayepiga simu redioni asubuhi analisema kabla hajamaliza kumsalimia mtangazaji. Sasa tunajiandaa kupokea AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, Arusha inajengewa uwanja wa kuingiza watu 30,000, basi homa ya zege imetupanda kichwani. Kila mtaa unataka uwanja wake, japo kadogo.

Mimi nasema imani hiyo ndiyo iliyowafungia wale watoto nje ya geti. Tunachokosa ni mtu. Namaanisha mwajiriwa wa manispaa ambaye kazi yake, wiki nenda wiki rudi, ni kujua nani anacheza wapi na saa ngapi, mpira unatoka kwa nani, na geti linafunguliwa na nani. Mratibu. Akikosekana huyo, uwanja ni ardhi iliyozungushiwa uzio.

Najua nitakachojibiwa: maeneo ya wazi ya Dar es Salaam yameliwa. Yameliwa kweli, na sina neno la kumtetea aliyeyala. Lakini hebu tujiulize yapi huliwa kwanza. Kiwanja ambacho kila jioni kina watu mia, wazee wakiwa kwenye benchi na mama wa mihogo pembeni, mvamizi anakipitia mbali. Akimwaga lori moja la mchanga pale, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi. Kinacholiwa ni kile kilichokaa kimya mwaka mzima. Kwanza linaegeshwa gari bovu, halafu banda la kuoshea magari, halafu msingi, halafu mtu anatoa hati. Ratiba inalinda ardhi kuliko seng'enge.

Ugonjwa wenyewe utauona ukikaa pembeni ya kiwanja kimoja wiki nzima na saa mkononi. Mimi nimekaa. Hadi saa 9 alasiri jua la Dar halichezeki. Hata mbuzi wamejibanza kivulini. Hewa inaanza kupoa saa 10. Taa hakuna, na jua letu halina subira, mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro. Toa muda wa kufunga nyavu na kubishana nani avae vizibao, kiwanja kinabaki na saa mbili za maana kwa siku. Wiki nzima ni saa 14.

Sasa hesabu wanaozitaka hizo saa 14. Wapo maveterani, wanaofika na magari na maboksi ya maji. Ipo akademia inayotoza wazazi ada, na timu ya vijana inayojinoa kwa ajili ya michuano ya ndondo. Wapo wasichana wa mpira wa pete. Wapo watoto wa darasa la nne, ambao wakifika wanafukuzwa kama inzi. Wapo kina mama walioambiwa zahanati kwamba sukari imepanda, wafanye mazoezi, nao wanatamani mahali ambapo hawata­chekwa na wapita njia. Yupo kijana wa kiti cha magurudumu ambaye hajawahi kuulizwa anataka kucheza nini. Pasipo ratiba, saa 14 hizo zinagawanywa na ubavu, na wenye ubavu ni maveterani, kwa sababu nyavu ni zao na mlinzi wanampa ya soda. Sina ugomvi nao. Baadhi ni rafiki zangu na mmoja ananidai. Lakini jenga kiwanja cha pili katika mtaa huo huo, na maveterani watakuwa na viwili.

Hapo ndipo hoja ya "serikali isiingilie, watu wajipangie" inapofia. Watu wanajipangia, ndiyo, na wanavyojipangia ni kwamba mwenye sauti nene anatangulia. Kugawa saa ya jioni ni kazi ya mamlaka, sawa na kugawa meza sokoni.

Mwaka juzi niliongozana na mama mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani, aliyekuwa amekusanya wasichana kumi na sita wanaotaka kucheza pete. Alihitaji saa moja, mara mbili kwa wiki. Akaambiwa aandike barua kwa mkurugenzi, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata, kila mmoja agonge muhuri wake. Mara ya kwanza barua ilirudi kwa kukosa namba ya simu ya "kiongozi wa klabu". Mara ya pili ilirudi kwa sababu klabu haina usajili. Klabu! Wasichana kumi na sita na mpira mmoja wenye kiraka. Mara ya tatu tukaambiwa anayetakiwa kupendekeza ni afisa michezo, na afisa michezo yuko kwenye mashindano ya UMISSETA.

Simsulubu afisa. Ofisi yake niliingia: meza mbili, kabati la vikombe vya ushindi vyenye vumbi, gunia la jezi, na kalenda ukutani iliyojaa wino mwekundu. Ukiisoma kalenda ile unamwonea huruma. UMITASHUMTA ya shule za msingi, UMISSETA ya sekondari, SHIMISEMITA ya watumishi wenyewe wa halmashauri, mapokezi ya Mwenge, ngoma na kwaya za sikukuu za kitaifa, mgeni huyu, ziara ile. Kila kilichoandikwa pale ni tukio. Hakuna mstari hata mmoja unaosema "kila Jumanne". Na matukio yenyewe ni ya kuchuja: UMISSETA inamtafuta anayejua kukimbia ili akawakilishe mkoa. Asiyejua kukimbia, ambaye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kukimbia, anatafutwa na nani?

Halafu lipo bonanza, ambalo sisi tumeligeuza kuwa sera. Hema, spika, fulana zenye nembo ya mdhamini, kukimbiza kuku, kuvuta kamba, mgeni rasmi akichelewa saa tatu huku watoto wakianguka kwa jua. Anafika, anapiga penati ambayo kipa ameagizwa asiidake, anaongea kuhusu umuhimu wa michezo, anaondoka. Jumapili inayofuata kiwanja kipo kama kilivyokuwa. Fedha za hema na spika zingemlipa mtu posho ya miezi kadhaa ya kufungua geti kila jioni na kuandika ubaoni kwa chaki: leo saa 10 watoto, saa 11 pete. Lakini ubao wa chaki hauna mgeni rasmi.

Wanaosema viwanja hakuna ningewaomba pia waende kwenye shule ya msingi iliyo jirani nao, siku yoyote ya likizo ya Desemba. Watakuta uwanja mkubwa, mtupu, geti limefungwa, kunguru wanatembea katikati kama waamuzi. Mwalimu mkuu amefunga, naye ana sababu. Kioo kikivunjika analipa nani? Mlinzi wa Jumapili analipwa na nani? Mtoto akivunjika mguu, mzazi anakuja kwa nani? Maswali hayo yana majibu, tena ya ukurasa mmoja wa makubaliano baina ya shule na manispaa. Anayekosekana ni wa kuandika huo ukurasa, kuupeleka, na kurudi mwezi ujao kuona kama unafuatwa.

Nitatoka kidogo nje ya mipaka, maana mtu akisema "haiwezekani" ni vizuri kumwonyesha wapi imewezekana bila zege. Mathare, Nairobi, mwaka 1987, hapakuwa na kiwanja cha kusifia. Palikuwa na taka. Chama cha michezo cha vijana kilichoanzia hapo, MYSA, kilianza na ligi ya watoto na kanuni moja ya ajabu: timu inayokwenda kusafisha mtaa inaongezewa pointi 6 kwenye msimamo. Mitaro ikazibuliwa na watu wanaotaka kuongoza ligi. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United, ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kilichotangulia uwanja pale kilikuwa daftari la ratiba na mtu wa kulishika.

Bogotá, Kolombia, wamekuwa wakifunga barabara tangu 1974: kila Jumapili na sikukuu, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 za lami zinaachiwa baiskeli, miguu na matembezi, na njiani wapo wakufunzi wa viungo wanaolipwa na jiji. Kigali ilianza siku yake isiyo na magari mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, baadaye Jumapili mbili. Anayekimbia akichoka anapimwa presha na sukari bure pembeni ya barabara. Hakuna tofali lililoongezwa kwenye barabara hizo. Kilichoongezwa ni koni, watu wenye vizibao, na ofisi inayojua kwamba Jumapili ijayo inakuja.

Na sisi tunao wakimbiaji. Temeke na Mbagala, Jumapili alfajiri, klabu za jogging zinapita kwa mamia zikiimba, sare zimependeza, bila kuagizwa na mtu. Zinakimbia huku daladala zikiwapumulia migongoni. Manispaa inazikumbuka inapohitaji umati wa kusindikiza mgeni.

Kwamba starehe ya watu ni kazi ya mamlaka tulishajua zamani, ingawa aliyetufundisha hakuwa na nia njema. Ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, serikali ya mkoloni iliutaka uwe kituo cha jamii: Waafrika wapate mahali pa kukutania na kustarehe, wasiwaze siasa. Watu wakakutana kweli, na Aprili 1953 ndani ya ukumbi huo huo wakamchagua Nyerere kuwa rais wa chama cha TAA (Tanganyika African Association). Wakati mwingine, nikiwa na hasira, nafikiri ndiyo maana wakubwa wanapenda kujenga kuliko kuratibu. Jengo halikutani na mtu.

Basi tuje kwenye fedha. Diwani mmoja aliniambia, kwa upole, kwamba kata yake ina mitaro iliyoziba na zahanati isiyo na dawa, mimi namletea habari za mpira wa pete. Namheshimu kwa hilo. Lakini aliyekuwa akiniambia hivyo ndiye aliyepigania jiwe la uzinduzi la ule uwanja wenye kufuli. Kwa zege fedha ilipatikana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 4 kwa 4 kwa 2, na nakubali, mtu lazima ale. Ila kijana huyo tunamwona mara mbili tu: anapohitaji mtaji na anapokamatwa. Kati ya hapo ana jioni nyingi. Jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 haliwezi kushindwa kumwajiri mtu mmoja kila kata wa kuzishughulikia jioni hizo, asiyehusika na Mwenge.

Yule fundi cherehani hakungoja barua ya nne. Alikwenda kwa maveterani mwenyewe, na kanga yake kiunoni, akawaambia Jumanne na Alhamisi saa 10 hadi 11 ni za wanawe. Sijui aliwaambia nini kingine, maana walinyamaza. Akanunua daftari, akaandika majina, akawa anaita kama mwalimu. Wasichana wakafika ishirini na tisa. Wakaanza kuja na wadogo zao, ikabidi watengewe kona ya rede. Miezi saba mambo yakaenda hivyo, bila shilingi ya manispaa.

Kisha akafiwa na mama yake huko Tanga, akakaa wiki tano. Wiki ya kwanza wasichana walikuja, wakasimama, wakaondoka. Wiki ya pili walikuja wanne. Aliporudi alikuta saa yake ya Jumanne imechukuliwa na akademia, nguzo moja ya pete imeng'olewa, na daftari lake liko kwa mlinzi, limefungiwa karanga mpaka ukurasa wa Machi.