Herufi Nne Zilizomnyamazisha Mama



Mwezi huu tumeweka kando barua za mapishi na za mawifi ili tujibu barua moja fupi. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, naye hakutaka jina lake litajwe. Anasema kila jioni baada ya chakula alikuwa akikaa na mwanawe wa darasa la tano kukagua kazi za shule. Siku moja walikuwa wakisoma hadithi ya Kiingereza juu ya mwoka mikate, wakafika kwenye neno "dough". Mama akalisoma "daf", kwa kuwa alifundishwa zamani kwamba "tough" ni "taf" na "enough" ni "inaf". Mtoto akaangua kicheko mbele ya wenzake wa jirani: "Mama, ni 'do'! Hujui?" Tangu siku hiyo mama hakai tena mezani. Husema ana vyombo vya kuosha. "Niliishia darasa la saba," anaandika, "labda kazi hii si yangu."

Dada yetu, tulipoisoma barua hiyo tuliangaliana. Mmoja wetu hapa aliwahi kukwama kwenye neno "bough" mbele ya kusanyiko zima, na hakuokolewa ila na kikohozi cha mzee wa kanisa.

Kwanza elewa kwamba ulifuata kanuni. Ni maneno yenyewe yasiyofuata kanuni. Herufi hizo nne, o, u, g na h, zikikaa pamoja hazina sauti moja. "Though" husomwa "dho", yenye dh ya dhahabu. "Through" ni "thru", "cough" ni "kof", "bough" ni "bau", "thought" ni "thot". Ukipata kwikwi, Mwingereza wa zamani angekuandikia "hiccough", na bado angesoma "hikap"! Hata Waingereza wenyewe wamechoka nalo, na siku hizi wengi huliandika kama linavyosikika. Katika haya yote, ambalo mama asiache kulijua ni "cough", yaani kikohozi, maana limeandikwa kwenye chupa nyingi za dawa za watoto.

Sasa neno lako. "Dough" ni unga uliokwisha kukandwa, ule unaoufunika kwa kitambaa kabla ya kusukuma chapati. Mwanao analijua kwa kulisoma tu, wewe umelishika kwa mikono tangu ujana wako. Limo pia katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611: ndio unga ambao Waisraeli waliuchukua mabegani walipotoka Misri kwa haraka, kabla haujatiwa chachu.

Biblia hiyo ina ndugu wengine wa neno hili. Rebeka alipowanywesha ngamia wa mtumishi wa Ibrahimu, alimwaga maji ya mtungi wake ndani ya "trough", yaani chombo cha kunyweshea mifugo, na husomwa "trof". Yakobo alipowabariki wanawe, alimfananisha Yusufu na "bough", tawi la mti. Na anayelima halafu akatazama nyuma, yule aliyesemwa na Bwana katika Luka sura ya 9, ameshika "plough". Hapa tucheke kidogo, maana neno hili tunalo. Wanaolima kwa maksai huita "plau". Sisi tuliliazima, tukaacha herufi zote zisizo na kazi, tukaandika tulichosikia.

Lililotushangaza kuliko yote ni "slough". Likisomwa "slau" ni tope zito la kuzamisha miguu. John Bunyan, katika kitabu chake cha safari ya Mkristo kilichotoka mwaka 1678, alimzamisha msafiri wake katika tope la namna hiyo, tope la kukata tamaa. Lakini likisomwa "slaf" ni gamba ambalo nyoka hujivua. Herufi ni zilezile, lakini hayo ni maneno mawili. Mtoto gani atajua tofauti bila kuambiwa? Na mama gani?

Utauliza, kwa nini watu waandike namna hii? Zamani gh haikuwa ya bure. Ilikuwa na sauti ya kooni, karibu sana na kh ambayo watu wa pwani huitoa wanaposema "kheri" na "subalkheri". Wajerumani wanayo hadi leo: usiku wao ni "Nacht", na binti ni "Tochter". Mwingereza naye huandika "night" na "daughter", ila ile kh ameipoteza. Mahali pengine ilinyamaza kabisa, mahali pengine ikageuka f. Lakini mashine ya kuchapa vitabu ililetwa Uingereza na William Caxton mwaka 1476, na wachapaji wakaendelea kuandika maneno kwa sura ya zamani huku midomo ya watu ikibadilika. Kwa hiyo gh ni kama kiti cha babu aliyefariki: hakuna anayekikalia, na hakuna anayethubutu kukitoa sebuleni. Kiswahili chetu kilisanifiwa juzijuzi tu, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikianza kazi mwaka 1930, ndiyo maana tunasoma kama tulivyoandika.

Basi dada, rudi mezani leo jioni, vyombo vitangoje. Usijaribu kumtangulia mtoto katika kutamka. Mwache asome yeye, wewe uulize maana, na mkiwa na kamusi mfungue wote wawili. Neno likitokea jikoni au shambani, mwonyeshe kitu chenyewe. Kicheko chake ni jambo jingine. Hilo mwite faraghani, umwambie kwa upole kwamba kumcheka mama mbele ya watu kunaumiza. Baba naye asikie, asije naye akacheka.

Na kama bado anajiona mwalimu, mfungulie Yoshua sura ya 11 katika Biblia ile ya mwaka 1611, mstari wa 6, panapotajwa farasi wa adui. Atakutana na "hough", maana yake kukata mishipa ya miguu ya nyuma ya mnyama asiweze kukimbia. Mwache ajaribu "haf", ajaribu "ho", ajaribu "hau". Akishindwa, mwambie taratibu: "Ni 'hok', mwanangu."